Tundu Lililotoweka Kwenye Koti la Rais

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo naanza shajara. Watu wakubwa wote waliandika, na mimi nimebakiza siku tano tu niwe mkubwa.

Mambo yenyewe ni haya. Jumamosi inatimia miaka arobaini tangu Rais wetu apigwe risasi. Nyumba aliyokuwa akiishi sasa ni makumbusho, na mimi ni mwongoza wageni wa hapo, mwaka wa kumi na moja huu. Binti yake atakuja siku hiyo. Akishaondoka tu, Mama Mkurugenzi atamtangaza Mkuu wa Waongoza Wageni. Tuko wawili: mimi na Profesa.

Profesa si profesa. Alivaa miwani siku moja, wakamwita hivyo, basi hakuivua tena. Amekariri ripoti ya Tume iliyochunguza kifo hicho, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Anawasomea wageni aya kwa aya mpaka wanatafuta ukuta wa kuegemea.

Mkuu anapata kiti. Kina mikono, kiko chini ya feni, karibu na mlango. Mimi nimesimama miaka kumi na moja. Jioni viatu havivuliki mpaka mke wangu avute. Nakitaka kiti kile kuliko nilivyotaka kuoa. (Mke wangu asisome hapa.)

Mpango ninao. Kitu ambacho wageni wote huja kukiona ni koti alilovaa Rais siku ile. La kijivu, limetundikwa ndani ya kabati la kioo, na nyuma yake kuna kioo cha kujitazamia ili watu waone mgongo. Mgongoni, chini ya bega la kushoto, lipo tundu la risasi. Mbele vifungo viwili tu, cha katikati kilipotea siku ile ile. Mfukoni kipande cha chaki, maana marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya urais na hakuacha kutembea na chaki. Alikuwa akichora hesabu hata kwenye meza za mawaziri. Koti limejaa vumbi. Aibu tupu! Sheria inasema lisiguswe bila barua yenye sahihi tatu. Lakini funguo za kabati wiki hii ninazo mimi, kesho makumbusho yamefungwa, na mama mkwe wangu ni fundi cherehani.

Jumamosi koti litang'aa. Watauliza nani kafanya hivi. Nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo.

Jumanne, tarehe 4

Koti nililitoa jana jioni, nimelifunga kwenye shuka. Asubuhi nikampelekea mama mkwe chumbani kwake, upande wa uani. Sikumwambia ni la nani. Siri ya serikali ni siri ya serikali. Nilimwambia ni la mtu mkubwa asiyependa kutajwa. Nikasema apige brashi, apige pasi, basi.

Akaligeuza, akafyonya. Akauliza huyo mkubwa hana mke? Nikamjibu mke alishafariki. Akasema inaonekana.

Mama mkwe ana miaka sitini na miwili, na anasema hajawahi kutoa nguo mkononi mwake ikiwa na aibu. Maneno mengi kwa mtu aliyeambiwa apige brashi.

Nilikaa sebuleni kupanga hotuba. Niieleze hapa Nadharia yangu ya Kifungo, isije ikapotea nikifa ghafla. Tume inasema Rais alishuka garini kwenda kufungua maktaba mpya, karani aliyefukuzwa kazi akampiga risasi moja kutoka dirisha la juu la posta, kisha akakaa kwenye ngazi na bunduki mapajani akingoja kukamatwa. Wiki sita baadaye akafa gerezani kwa homa. Homa! Sasa jiulize: risasi iliingia mgongoni, je, kifungo cha mbele kilikwenda wapi? Jibu ni rahisi. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti. Majasusi walikichukua. Nimewaeleza wageni hivyo kwa miaka kumi na moja na hakuna aliyenipinga, ila Profesa, naye hahesabiki.

Saa kumi na moja mama mkwe akanirudishia koti limekunjwa vizuri ndani ya shuka. Macho mekundu. Alisema amekaa nalo dirishani mchana kutwa, na kwamba hata mwenyewe akilitazama hatajua. Nikamwambia vumbi ndivyo linavyotakiwa kutolewa. Akaniangalia sana, akaniambia nikale.

Jumatano, tarehe 5

Wameiba koti!

Nitulie. Nieleze kwa mpangilio.

Niliwahi mapema, nikalitundika haraka haraka kabla Mama Mkurugenzi hajafika. Safi! Lina mikunjo ya pasi kama limetoka dukani. Saa nne wakaja wauguzi wastaafu kumi na wawili. Nikawapeleka kabatini, nikanyoosha fimbo yangu nyuma bila kutazama, kama kawaida yangu, nikatangaza kwa sauti nzito: hapa ndipo risasi ilipoingia.

Muuguzi mkuu wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya wodini, akasema haoni kitu. Nikamwambia avae miwani. Akasema ameivaa. Nikageuka.

Hakuna tundu.

Mgongo mzima! Nikakimbilia mbele. Vifungo vitatu! Nikafungua kabati, nikatia mkono mfukoni. Chaki haipo.

Mtu mwingine angezimia. Mimi nilifikiri. Kwanza nilimfikiria mama mkwe, kwa sekunde moja, nikaona haya. Nilimwambia brashi na pasi. Tundu la risasi haliondoki kwa brashi. Basi lililobaki ni moja tu: kati ya asubuhi na saa nne mtu ameingia, amechukua koti halisi na kutundika jingine. Mwenye funguo ni mimi peke yangu, kwa hiyo aliyeingia ni mtu mwenye uwezo mkubwa sana. Na kwa nini walichukue sasa, siku tatu kabla ya kumbukumbu? Kwa sababu waliomuua bado wapo. Na wananiogopa!

Muuguzi mkuu akauliza, kama tundu si hapo, risasi iliingia wapi? Wote kumi na wawili wananitazama. Nikajikuta nimesema kwamba labda swali la kujiuliza ni kama iliingia kabisa.

Chumba kikawa kimya. Kimya kizuri mno. Profesa hajawahi kupata kimya kama kile.

Alhamisi, tarehe 6

Asubuhi nilipitia kwa Kinyozi. Nilimweleza kila kitu kwa siri, nikamwapisha. Aliapa wembe ukiwa shingoni mwangu, kwa hiyo nilimwamini. Yeye siku zote anashikilia kwamba walikuwa wapigaji watatu, mmoja juu ya mti. Alipofika nusu ya kichwa changu akasema anatoka mara moja kununua spiriti.

Aliporudi alikuwa na watu tisa.

Kufika saa saba mtaa mzima unajua koti limebadilishwa na watu wa nje. Kufika saa tisa halijabadilishwa. Ni lile lile, ila halikuwahi kuwa na tundu, na Rais hakupigwa risasi. Kufika saa kumi Rais yu hai, anafuga nyuki nchi fulani yenye baridi, na ana ndevu. Mimi sikusema hivyo. Lakini pia sikukanusha. Mwenye nadharia haikimbii ikiwa inakua.

Foleni ya wageni imefika kwenye kona ya duka la vioo! Mama Mkurugenzi akatoka nje, akatazama, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni kazi yangu tu. Alitabasamu. Nilikiona kiti.

Nimempeleleza Profesa pia. Alipokwenda kunawa nilifungua mkoba wake. Mkate, Ripoti, na chupa ya mafuta ya kuchulia miguu. Kumbe naye inamuuma. Nilirudisha kila kitu mahali pake, isipokuwa mafuta, nikayaweka kando kama ushahidi. Yanafanya kazi vizuri.

Kisha nikambana mbele ya kabati aniambie anaona nini. Akafungua ukurasa wa themanini na nane, akasoma kwamba mgongoni upo uwazi wa duara usiozidi punje ya njegere. Nikamwambia aache kitabu, atazame koti. Akatazama. Akasema analiona tundu. Nikamwambia aliguse kwa kidole. Akasema sheria hairuhusu kugusa.

Mtu huyu akae kwenye kiti chenye mikono? Haki iko wapi?

Ijumaa, tarehe 7

Watu wengi kuliko jana. Nilipandisha Nadharia ya Kifungo daraja: kwa vile kifungo kimerudi, majasusi wamemaliza kukisikiliza.

Jambo moja limenikaa vibaya. Kwenye ngazi za mbele alikuwepo mzee aliyekuwa dereva wa Rais. Namfahamu, huja kila mwaka. Hujikalia kimya dakika tano, kisha huondoka. Leo alikuja na jozi ya viatu vyeusi, amevipiga rangi mpaka unajiona ndani yake. Alisema viatu vya Rais viliisha soli siku ile, akirudi asitembee hivyo. Alikuwa anacheka huku machozi yanashuka. Aliniuliza kama ni mimi niliyegundua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia.

Nikaenda kufuta vioo, ingawa vilikuwa vimeshafutwa.

Mchana Mama Mkurugenzi akaniita ofisini. Hatabasamu tena. Binti wa Rais amepiga simu. Ameuliza ni nani anayesema baba yake yu hai. Mama Mkurugenzi akanigeuzia swali hilo hilo. Nikamjibu uchunguzi unaendelea.

Sirudi nyuma. Kesho nitasema yote mbele ya Binti mwenyewe, na nani atamnyima kiti mtu aliyemrudishia binti baba yake? Nimemwomba mke wangu aje, tena amlete mama mkwe. Nawataka mstari wa mbele. Mama mkwe hajawahi kuniona nikipigiwa makofi.

Jumamosi, tarehe 8

Nianze tangu asubuhi.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Saa tatu Binti wa Rais akaingia. Ni mama mtu mzima, miaka hamsini na tisa, mvi, viatu bapa, hana hata mlinzi. Akasalimia wazee kwanza, kisha akaenda moja kwa moja mbele ya kabati akasimama. Mama Mkurugenzi akasema kwa kuwa mimi ndiye mwenye habari, nizieleze. Profesa akafunga Ripoti yake. Ushindi!

Nikaanza. Tundu, kifungo, chaki, kimoja baada ya kingine. Nikapandisha sauti. Nikasema kwa ushahidi uliopo koti hili halijaguswa na risasi, na kama koti halikuguswa, basi aliyelivaa... Nikanyamaza hapo makusudi. Wasemaji wakubwa hunyamaza.

Binti akaniuliza, kwa upole tu, kama namaanisha baba yake hakufa. Akasema yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikishika kichwa cha baba yake mapajani njia nzima hadi hospitali. Akasema kwa miaka arobaini watu wanamfuata kumweleza habari za wapigaji watatu, habari za homa, habari za kifungo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Akauliza kama sasa nataka aanze kumngojea upya.

Nilitazama viatu vyangu. Nikaona na vile vyeusi, dereva amevikumbatia.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka mstari wa mbele.

"Wee mkwe wangu, si lile koti nililolishona Jumanne?"

Watu wote wakageuka. Mke wangu akafunika uso kwa mtandio. Mama mkwe akasogea mpaka kwenye kioo, akatazama, akasema ndilo, kazi yake anaijua. Lilikuwa na tundu mgongoni, akalifuma uzi kwa uzi. Lilikosa kifungo, akatia. Nani anamrudishia mtu mkubwa nguo iliyotoboka? Kisha akamtazama Binti, akatazama picha ukutani, na nikaona inavyomwingia taratibu. Akauliza hili koti ni la marehemu? Binti akamwambia ndilo.

Mama mkwe akakaa chini pale pale sakafuni.

Alikuwepo siku ile. Sikujua! Miaka kumi na sita nimemwoa binti yake na sikujua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amesimama mbele ya maktaba pamoja na mafundi walioshona mapazia yake. Rais aliwapungia mkono, akawauliza mapazia yamekula mita ngapi. Halafu ule mlio. Na Jumanne amekaa mchana kutwa dirishani, tundu lile lile likiwa mapajani mwake, akiimba. Alilia kwa sauti, akaomba radhi, akasema mkono huu ukatwe.

Binti akapiga magoti kando yake. Akaniomba nifungue kabati. Nikafungua. Akapitisha vidole mgongoni mwa koti, juu, chini, mara mbili, hakupapata. Mama mkwe akainuka, akamshika kidole, akakiweka mahali penyewe.

"Hapa, mdogo wangu."

Binti akakiacha kidole pale. Kisha akatwambia kwamba mama yake, jioni ile ile, aliomba sindano. Hakutaka mumewe aonekane na nguo iliyotoboka. Wakamkatalia, wakasema ni ushahidi. Aliishi miaka ishirini mingine, na hilo alilisema mpaka kufa. Akamshukuru mama mkwe. Akasema koti libaki hivi hivi lilivyo.

Mama mkwe akafungua fundo la kanga yake akatoa kipande cha chaki, hakizidi ukucha. Akasema nyingine, Mwenyezi Mungu amsamehe, imeishia kwenye suruali za majirani, alikuwa akichorea mistari ya kukatia. Binti akacheka na machozi yake. Akasema baba angeuliza kitu kimoja tu, kama mistari ilinyooka.

Hata mimi nililia. Naandika ukweli.

Kisha Binti akamfuata dereva, aliyekuwa ameshatoka kwenye ngazi za mbele. Alikaa naye, akavipokea vile viatu, akamwambia amefanya vizuri kuvileta. Wakaondoka wameshikana mikono. Mama Mkurugenzi akamtangaza Mkuu wa Waongoza Wageni. Profesa. Halafu akaniambia Jumatatu nifike ofisini kwake saa mbili kamili.

Nyumbani hakuna aliyenisemesha, ila mama mkwe. Alikuja na beseni la maji ya moto na chumvi, akaniambia nitie miguu.

Jumatatu, tarehe 10

Nimepata kiti!

Sijafukuzwa. Binti aliniombea. Nimehamishiwa mlangoni, kupokea mikoba na miavuli. Huko kuna stuli. Haina mikono, lakini mikono ninayo. Profesa kile chake hajakikalia hata dakika moja, maana wageni wote wanataka kuoneshwa mahali palipofumwa, na foleni imepita duka la vioo. Nilimrudishia mafuta yake. Tumeyagawana. Alisema ukurasa wa themanini na nane itabidi uongezwe maelezo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Nikajiapiza: nadharia basi. Nimeona machozi ya watu. Nimejifunza.

Nilikaa na fikra hiyo mpaka saa sita.

Saa sita nilikumbuka uzi. Koti lina miaka arobaini na zaidi, rangi imepauka kijivu ambacho hakiuzwi popote. Mama mkwe aliupata wapi uzi wa rangi ile ile, hata binti wa mwenye koti asione? Nikaenda nyumbani kula mchana, nikamwuliza. Akasema ulikuwemo kwenye kopo lake. Na kifungo je, kinacholingana na vile viwili kama ndugu? Akasema nacho kilikuwemo kwenye kopo, tangu ujana wake. Alikiokota mahali. Wapi? Hakumbuki. Akaniambia nile.

Alikiokota mahali!

Sasa tazama. Alikuwepo mbele ya maktaba. Fundi, kwa hiyo ana mkasi. Kimya miaka arobaini. Na Jumamosi yeye na Binti walishikana vidole kama watu wanaojuana. Maji ya moto yenye chumvi, je? Kwa nini anitie maji ya chumvi miguuni kama hakuna anachotaka nisahau?

Keshokutwa saa nne anakwenda sokoni. Kopo liko juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika. Nimeomba ruhusa kwa Mkuu wa Waongoza Wageni, nimesema nakwenda kuonesha miguu kwa daktari, naye kanionea huruma kanipa chupa nzima ya mafuta.

Safari hii siropoki. Simwambii mke wangu, simwambii Mama Mkurugenzi, simwambii mtu yeyote yule.

Isipokuwa Kinyozi. Anadai bado hajamaliza ile nusu ya kichwa.